Wasifu wa Bi Rudisha, Mlinzi wa Mlango wa Faili

Ndugu, jamaa, majirani na wafanyakazi wenzake mliofika kumsindikiza marehemu: wasifu huu unasomwa na wifi yake, mdogo wa kike wa mumewe. Marehemu ndiye aliyeagiza hivyo, kwa kinywa chake na akili zake timamu. Kamati ya mazishi ilipousoma jana iliomba baadhi ya aya zilainishwe. Hazikulainishwa. Waliokuja kusikia kwamba marehemu alikuwa mpole, mcheshi na kipenzi cha wote, wawe radhi. Hayo hayamo, na waliofanya naye kazi wanajua kwa nini.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1968, mtoto wa pili kati ya watano. Baba yake, aliyetangulia mbele ya haki mwaka 2004, alikuwa mpanga herufi katika kiwanda cha uchapaji. Mama yake, ambaye yuko nasi hapa mstari wa mbele, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Nyumba yao ilikuwa ya vyumba viwili na ukumbi, na meza ya ukumbini ilijaa daftari za wanafunzi upande mmoja na karatasi za majaribio za kiwandani upande wa pili. Hapo katikati ndipo marehemu alipokulia, kalamu nyekundu mkononi. Alipokuwa na umri wa miaka tisa, mama yake mdogo alikuja na kadi ya harusi yake, akaiacha mezani ili familia iifurahie. Alipoirudia aliikuta imezungushiwa duara sehemu tatu, na chini yake mtoto ameandika: “Jina la bwana harusi limeandikwa namna mbili. Unaolewa na yupi?” Kadi zote zilikuwa zimeshachapwa na kugawiwa. Mama mdogo yupo hapa leo. Amekubali kuja, kusahau hajakubali.

Alianza shule ya msingi mwaka 1975, akaendelea na sekondari ya bweni ya wasichana, kisha chuo kikuu, alikosoma hisabati na kuhitimu mwaka 1991. Hakuwa mwanafunzi wa kupendeza. Mwalimu wake wa fizikia alimhamishia kiti cha nyuma kabisa ili maswali yake yasimfikie, naye akajifunza kupaza sauti. Katika ripoti yake ya mwisho mkuu wa shule aliandika, “Ana uwezo mkubwa. Hana marafiki.” Baba yake aliisoma ripoti hiyo kwa makini, akavua miwani, akauliza, “Kwani marafiki ni somo la darasa la ngapi?”

Mwaka 1993 aliajiriwa katika ofisi inayotengeneza mfumo endeshi, ile programu mama inayoziongoza programu nyingine zote ndani ya kompyuta. Ofisi ilikuwa ghorofa ya tatu juu ya duka la rangi, na harufu ya rangi ilipanda ngazi pamoja na wafanyakazi. Marehemu alipewa sehemu ambayo wengi waliikwepa, yaani kiolesura cha mfumo wa faili. Kwa waombolezaji wasio wa kazi hiyo, ni hivi: programu ikitaka kufungua faili, kuiandika, kuibadili jina au kuifuta, haiendi yenyewe hadi kwenye diski. Inabisha hodi kwenye mlango mmoja, na nyuma ya mlango huo kuna mifumo ya faili zaidi ya thelathini, kila mmoja na tabia zake. Mlango ukiwa mbovu, wote walio ndani wako hatarini. Mwaka 1999 marehemu aliujenga upya mlango huo, na tangu hapo akawa mlinzi wake. Aliyetaka kuugusa alipeleka mabadiliko yake kwake ayakague, tena hadharani, kwa barua pepe ambazo ofisi nzima na maelfu ya watu wa nje waliweza kuzisoma.

Alikagua kwa ukali. Majibu yake yalianza na neno moja, “Imerudishwa,” na ndilo lililompa jina la Bi Rudisha. Fundi mmoja mwenye mvi zake aliandikiwa: “Nimefika mstari wa arobaini nikachoka. Nenda kalale. Ukiamka usome mwenyewe, utaona haya.” Mwingine aliambiwa kwamba msimbo wake, yaani maandishi ya programu yake, ni kama suruali ambayo fundi ameanza na mfuko, akaishia hapo. Siku moja mkuu wa kitengo alimwita ofisini kwake, akafunga mlango, akamsihi apunguze makali.

“Wanalia chooni,” mkuu alisema.

“Heri walie wao chooni,” marehemu alijibu, “kuliko mwenye faili alie nyumbani kwake.”

Wapo hapa waliolia. Wameketi upande wa kushoto, na shada walilolileta ni kubwa kuliko la familia. Familia inashukuru, ingawa haijajua lichukuliwe kwa maana gani.

Alifunga ndoa tarehe 12 Aprili 1997. Mumewe ni fundi wa majokofu, na walikutana alipokuja kutengeneza kipoza hewa cha chumba cha seva. Kwa kuwa kila alipomsemesha hakujibiwa, alimwandikia barua ya mapenzi. Ilirudi imesahihishwa. Aliiandika upya, ikarudi tena, ikiwa na alama chache kidogo. Ya nne ilirudi na neno moja tu: “Sawa.” Ndugu wa mume walimwonya kwamba anaingiza moto ndani ya nyumba ya nyasi, naye akawajibu kwamba pilipili wasiyoila yawawashia nini. Mungu aliwajalia watoto wawili, binti na mvulana. Mume hajawahi kulalamika mbele ya mtu, na hata jana, alipoulizwa na kamati kama aya hizi zisomwe, alisema, “Zisomwe. Mke wangu hakuwahi kula sukari.”

Mwaka 2001 mdogo wa mume alikuja kuishi nao ili asome chuo. Ndiye huyu anayesoma. Alipewa chumba cha nyuma, akapewa na mwalimu asiyemwomba. Zoezi lake la kwanza la kuandika programu marehemu alilisoma huku anakula, akalifuta lote, akamrudishia kompyuta.

“Anza tena. Safari hii fikiri kwanza.”

“Si ungeniambia tu palipokosewa, wifi?”

“Ningekuambia, ungerekebisha palipokosewa. Kilichokosewa ni wewe.”

Wifi alikwenda kulia chumbani. Kaka yake alimfuata na kikombe cha chai. Marehemu hakumfuata na kitu. Ni kweli kwamba wifi huyo alihitimu akiwa wa kwanza darasani, na watu humwambia amshukuru marehemu kwa hilo. Ni kweli pia kwamba kwa miaka minne alikula chakula chake akiwa amesimama jikoni, ili asikae naye meza moja.

Wifi alipoomba kazi katika ofisi ileile mwaka 2008, marehemu alikuwa mmoja wa waliomsaili. Aliwaambia wenzake, mwombaji akiwa palepale: “Ni wifi yangu, kwa hiyo simuulizi kitu. Lakini mkiniuliza mimi, hasomi maelekezo hadi mwisho.” Walimwajiri hata hivyo. Tangu siku hiyo nyumbani waliitana “wifi”, na kazini marehemu alimwita “mwandishi”, kama mtu asiyemfahamu.

Ugomvi wao ulioyafikia masikio ya wengi ulianza Februari 2013. Wifi alikuwa ameona jambo linalomkosesha raha. Programu ilipohifadhi faili, mlango uliijibu “tayari” kabla diski yenyewe haijasema lolote. Kwa kawaida haikudhuru, kwa sababu diski ilifuata muda mfupi baadaye. Lakini umeme ukikatika katika kile kipindi kifupi, jina la faili lingebaki na ndani pasiwe na kitu. Dawa yake ilikuwa kuubadili mlango uweze kupeleka, mbali na “tayari” na “imeshindikana,” jibu la tatu, “bado,” kutoka ndani hadi nje. Kwa kuwa jibu lilibadilika, kila mfumo uliokuwa nyuma ya mlango ulilazimika kubadilika nao. Wifi alifanya kazi hiyo mwaka mzima, akaipeleka yote kwa mkupuo mmoja, mistari elfu kumi na tisa.

Ilirudishwa kabla ya chakula cha mchana. “Hakuna binadamu anayeweza kukagua kitu hiki,” marehemu aliandika. “Ikatwe.” Walikutana kwenye chumba cha mikutano, mkuu wa kitengo akiwa kati yao kama mwamuzi wa ngumi.

“Haikatiki,” wifi alisema. “Ukibadilisha mlango umebadilisha mifumo yote iliyo nyuma yake. Mtoto hazaliwi vipande vipande.”

“Hazaliwi na ndevu pia,” marehemu alisema. “Jambo lisilokatika, mwenyewe hajalielewa.”

“Umesoma nilipoandika inatibu nini?”

“Mlango hauumwi. Niliujenga mimi.”

Haki isemwe: kasoro alizozionyesha ndani ya ile kazi zilikuwa za kweli, zote. Palikuwa na kufuli iliyofunguliwa mapema mno, na palikuwa na mahali ambapo programu mbili zingesubiriana hadi kiyama. Wifi alizirekebisha, akaipeleka tena. Ikarudi. Akaipeleka mara ya tatu, ikarudi. Mara ya nne marehemu aliandika mbele ya dunia nzima kwamba mwandishi anapenda kazi yake kuliko faili za watu. Wifi akajibu, mbele ya dunia ileile, kwamba mkaguzi anapenda mlango kuliko wanaopita.

Baada ya hapo hawakuzungumza kwa zaidi ya miaka miwili. Siku za kuzaliwa za watoto zilisherehekewa mara mbili, Jumamosi na mama yao, Jumapili na shangazi yao, na watoto walinenepa. Kaka mtu alipoanguka kwenye ngazi akiwa kazini, dada yake alipata habari mwishoni mwa barua ya ukaguzi: “Mstari wa 212 si salama. Vilevile kaka yako amevunjika mguu, yuko wodi ya tatu.” Barua hiyo ilisomwa na maelfu. Watu wa nchi za mbali walimtumia mgonjwa salamu za pole.

Agosti 2015 umeme ulikatika kwenye kliniki moja ya wajawazito iliyotumia mfumo huo. Uliporudi, kadi za akina mama zilikuwepo zote kwa majina, na kila iliyokuwa ikihifadhiwa wakati ule ilikuwa tupu. Asubuhi yake alifika mama mmoja mwenye uchungu. Uzazi wake wa kwanza alikuwa amevuja damu nyingi, na kadi yake ndiyo iliyosema hivyo. Wakunga waliifungua wakakuta weupe. Naye, kwa hali aliyokuwa nayo, hakuweza kueleza. Alijifungua salama, kisha damu ikaanza, na hakuna kilichokuwa kimeandaliwa. Waliipigania roho yake hadi jioni. Aliishi, lakini hatazaa tena.

Ofisi ilitoa taarifa kwamba chanzo kilikuwa umeme. Kila mtu aliridhika, isipokuwa Bi Rudisha. Aliagiza diski ya kliniki iletwe mezani kwake, na kwa juma zima hakukagua kazi ya mtu mwingine yeyote. Siku aliyomaliza aliandika barua, akaituma palepale alipokuwa akizituma nyingine zote:

“Imerudishwa. Mistari hii iliandikwa mwaka 1999. Aliyeiandika aliamini kwamba diski haitachelewa. Hakuuliza, hakupima, na waliokuja kuuliza aliwatukana. Mabadiliko ya mwaka 2013 yangezuia yaliyotokea kliniki. Aliyeyazuia na aliyeandika mistari hii ni mtu mmoja, naye ni mimi.”

Mkuu wa kitengo alipanda ngazi akihema, akamwomba aifute. “Hakuna aliyekuwa anajua!” alisema. “Sasa tutaficha wapi uso wetu?”

“Ficha wako,” marehemu alimjibu. “Wangu nimeshauonyesha.”

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na hakuna aliyemwambia. Wapo waliofurahi. Kuna barua iliyozunguka ofisini kwa siri, ikiwa na neno “Imerudishwa” limeandikwa juu ya picha yake. Wifi aliiona, na hakuicheka, lakini wala hakuizuia.

Mumewe, ambaye bado alichechemea kwa mguu wake mbovu, alimpeleka kwa gari hadi hospitali alikolazwa yule mama. Marehemu alisimama miguuni pa kitanda na mkoba wake kifuani.

“Wewe nani?” mama aliuliza.

“Nafanya kazi kwenye kompyuta zilizopoteza kadi yako. Kosa lilikuwa langu.”

“Umekuja kuomba msamaha?”

“Sijui kama unaombwa, jambo kama hili. Nimekuja unione.”

Mama alimtazama kwa muda mrefu, mtoto akinyonya. “Basi nimekuona,” alisema. “Nenda.”

Akaenda. Mumewe hakuwasha gari mpaka alipoambiwa awashe.

Jumapili iliyofuata simu ya wifi iliita, kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili.

“Leta,” marehemu alisema.

“Nilete nini?”

“Ule mzigo wako.”

“Wote?”

“Usinichoshe. Vipande.”

Wifi angeweza kukataa, na alitamani. Alikwenda, akaketi meza ileile aliyoikimbia akiwa mwanafunzi, akafungua kompyuta. Alikuwa ameshapata njia: uwekwe mlango wa pili kando ya ule wa zamani, mifumo ihamie mmoja mmoja, na wa mwisho ukishahama, ule mlango wa kwanza ubomolewe. Kazi yote ikawa sehemu sita. Marehemu alisoma mpango huo akiwa ameshika tama.

“Ungeleta hivi tangu 2013,” alisema.

“Ungesema hivi tangu 2013, badala ya kutukana.”

“Nilisema.”

“Ulisema ‘ikatwe.’ Hukusema wapi. Ulikuwa unapaona, wifi. Wewe ungepaona kabla hujamaliza chai. Uliniacha nipapase miaka miwili kwa sababu ulitaka nipapase.”

Watoto walikuwa wameacha kutazama televisheni. Marehemu aliifunga kompyuta, akaifungua tena.

“Hilo ni kweli,” alisema.

Wifi hakuambiwa samahani siku ile wala nyingine. Kazi ikaanza. Yeyote anayedhani walipatana na asome barua zenyewe, bado zipo wazi kwa wote. “Imerudishwa. Hata mimi wa 1999 nisingeandika upuuzi huu.” “Imerudishwa. Mwandishi amefuata maelekezo nusu, kama kawaida yake.” Wifi naye alijibu kwa kiwango hichohicho. Tofauti ilikuwa moja: kila “imerudishwa” sasa ilifuatwa na maelezo ya mahali, sababu, na njia ya kupita.

Machi 2016 marehemu alianza kuumwa tumbo na mgongo. Vipimo vilionyesha saratani ya kongosho, nayo ilikuwa imeshasambaa. Daktari alimweleza kwa maneno ya kuzungukazunguka, naye akamkata katikati: “Sema tu, daktari. Nimezoea kuwaambia watu mabaya.” Alitibiwa kwa mionzi na dawa, akapata nafuu ya miezi michache, kisha akarudishwa wodini. Huko aliendelea kukagua, kompyuta ikiwa kwenye kimeza cha chakula. Muuguzi wa zamu aliichukua mara tatu, na mara tatu akairudisha mwenyewe, maana kelele za mgonjwa bila kompyuta zilizidi za mgonjwa mwenye kompyuta. Sehemu ya kwanza ya kazi ilikubaliwa mwezi wa Mei. Ya nne ilikubaliwa mwanzoni mwa Novemba, ikiwa na maneno haya: “Nimekagua. Ipite. Bado siipendi.”

Siku chache baadaye wifi alimkuta amelala chali, kompyuta imefungwa. Alikuwa amebaki mifupa na macho.

“Wasifu wangu utauandika wewe,” alisema.

“Kwa nini mimi? Ndugu zako wapo.”

“Ndugu zangu watanipamba kama keki. Wewe unanichukia.”

“Sikuchukii, wifi.”

“Usianze sasa.”

Wifi akavuta kiti. Marehemu akamwambia asiandike neno “mcheshi” popote, tarehe ahakikishe mara mbili, na ikiwezekana amletee aupitie kabla hajafa.

“Hapana,” wifi alisema. “Huu hutaukagua.”

Marehemu alicheka hadi kikohozi kikamshika, na muuguzi akaja mbio. Wifi alimshika mabega mpaka kikapita. Yalikuwa mepesi mno. Halafu alimwegemeza kwenye mto, naye akaomba kompyuta, akafungua sehemu ya tano, akaanza kusoma. Hakufika mbali.

Alifariki asubuhi ya tarehe 21 Novemba 2016, akiwa na umri wa miaka arobaini na minane, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Marehemu ameacha mama mzazi, mume, watoto wawili, ndugu wanne, mama mdogo mmoja, na wifi mmoja. Ameacha pia sehemu mbili za kazi ambazo hazijakaguliwa. Ofisi imependekeza wakaguzi watatu, watu wema na wenye maneno mazuri. Mwandishi amewakataa wote.

Apate sasa pumziko ambalo alipokuwa hai hakulitaka.